KABLA YA KUGUSA KOMPYUTA YA INJINI



Kila mwisho wa juma hapa Mugutha twaona jambo lile lile. Subaru yenye turbo yaletwa gereji, mwenyewe ashuka na simu mkononi, asema, "Fundi, nataka iwe na nguvu zaidi, na faili ni hii." Kijana wetu hajapata kufundishwa faili hiyo ni kitu gani. Lakini aogopa kusema hajui, kwani mteja atakwenda gereji ya jirani. Basi huchomeka waya, huandika faili, na kumwomba Mungu.

Twamjua kijana mmoja aliyefanya hivyo. Gari liliondoka likiruka kama swala, na mwenyewe akamsifu sana. Siku ya tatu likarudi likivutwa kwa kamba: pistoni imevunjika, injini imenok. Mwenye gari hakuuliza faili ilitoka wapi, ingawa aliileta yeye mwenyewe. Alidai injini nyingine, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi yo yote ya mapatano, kijana aliuza vyombo vyake vya kazi. Fundi bila vyombo ni mkulima bila jembe.

Sisi twasema hivi: kazi ya kompyuta ya injini si uchawi, wala si kazi ya watu wa mjini peke yao. Ni ufundi, na kila ufundi una mlango wake wa kuingilia. Mlango wa ufundi huu ni kupima. Anayeanza kwa kubadili kabla ya kupima abahatisha, na hasara ya kubahatisha humwangukia yeye, si tajiri.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Joginder Singh aliposhinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo, na tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, injini zilikuwa za kabureta. Fundi alibadili jeti ili kuongeza au kupunguza petroli, akazungusha distribiuta ili moto wa plagi uje mapema au uchelewe. Colin McRae aliposhinda mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, kazi hizo mbili zilikuwa zimekwisha ingia ndani ya kompyuta. Petroli ni ile ile na moto ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba bisibisi imekuwa tarakimu.

Kompyuta hiyo husoma sensa: hewa inayoingia, mwendo wa injini, joto la maji, oksijeni iliyobaki katika moshi. Iko pia sensa inayosikiliza kama injini inagonga. Kisha kompyuta hutazama majedwali yake. Upande mmoja wa jedwali ni mwendo wa injini, upande wa pili ni mzigo, na katika kila kisanduku mna tarakimu ya petroli au ya moto. Kurekebisha kompyuta ni kubadili tarakimu hizo. Hakuna siri nyingine.

Kwa nini jambo hili latuhusu sana sisi wa huku? Magari yetu mengi yatoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, na yale yenye turbo yalipangiwa petroli ya juu ya kule, ambayo kwa kawaida ni ya okteni 100. Super yetu ya kawaida iko chini ya hapo, karibu 93. Petroli yenye okteni ndogo hugonga upesi zaidi: mchanganyiko uliobaki ndani ya silinda hulipuka wenyewe badala ya kuungua kwa utaratibu, na sauti yake ni kama changarawe ndani ya debe. Kugonga huko ndiko kunakovunja pistoni. Kwa hiyo mara nyingi kazi ya kwanza ya fundi wa huku si kuongeza nguvu, bali kuipatanisha injini na petroli inayouzwa hapa.

Tena tuko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni pungufu kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Gari lililopimwa hapa tu, likiteremka pwani, hukutana na hewa nzito, na injini yaweza kufika katika visanduku ambavyo fundi hakuvipima kamwe. Faili iliyotengenezwa nchi nyingine, kwa petroli nyingine na hewa nyingine, ni kama dawa aliyoandikiwa mgonjwa mwingine.

Basi kijana anayetaka kuanza na aanze hivi. Kwanza, ahakikishe injini ni nzima. Apime kompresheni, atazame plagi, oili, mipira ya hewa na pampu ya petroli. Injini mgonjwa haiponywi kwa tarakimu.

Pili, asome kabla ya kuandika. Kwa Subaru nyingi iko programu ya bure iitwayo RomRaider, ambayo huweka kumbukumbu za sensa na kufungua majedwali. Mwezi mzima wa kusoma kumbukumbu za magari mbalimbali bila kubadili neno si mwezi uliopotea. Ndio shule yenyewe.

Tatu, aifadhi faili ya asili mahali pawili, na kabla ya kuandika aifungie betri chaja. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kompyuta yaweza kufa pale pale.

Nne, asiamini sensa ya oksijeni ya kiwanda peke yake, kwani nyingi husema tu kwamba petroli imezidi au imepungua. Yatakiwa kipimo chenye upeo mpana, ambacho mafundi hukiita waidibandi. Petroli huungua sawasawa kwa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito. Lakini turbo ikisukuma kwa nguvu zote, injini huhitaji petroli zaidi, hewa ikiwa sehemu 11 hadi 12. Asiye na kipimo hicho asiguse jedwali la petroli.

Tano, abadili jambo moja, kidogo, kisha apime tena. Akisikia kugonga, aurudishe moto nyuma na kutafuta sababu. Na nguvu zipimwe juu ya mashine ya kupimia au mahali palipofungwa, si katika barabara ya Thika.

Hapa hatuna budi kusema wazi. Barabara ile ilipofunguliwa mwaka 2012 na Rais Mwai Kibaki ilitufaa sote, lakini imewatia wengine wazimu wa mwendo. Wanaotembea kando yake alfajiri ni wenzetu wanaokwenda zamu viwandani Ruiru na Thika. Fundi anayejaribu gari la mteja mahali hapo ahatarisha maisha ya ndugu zake ili tajiri apate kujivuna. Anayetaka kushindana yako mashindano halali, na katika kaunti yetu hii ya Kiambu magari yameshindana kwa saa huko Kibubuti.

Lakini haitoshi kuwaonya vijana. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutojua jambo ambalo hakupewa nafasi ya kujifunza. Sheria yamtaka mwajiri alipe shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani. Fedha hizo hutolewa kwa jina letu. Mwajiri anayepeleka watu wake mafunzoni aweza kudai arudishiwe gharama kutoka katika mfuko huo. Kwa hiyo anayesema hana fedha za kufundisha aulizwe kama amepata kudai. Nayo NITA, inayosimamia mitihani ya ufundi ya daraja la 3, la 2 na la 1, twaitaka iipe elimu ya kompyuta ya injini nafasi ya kutosha, kwa maana magari yanayoingia gereji leo karibu yote yanayo.

Wenzetu wa jua kali, ambao hawana mwajiri wa kuwalipia, wasingoje. Kipimo kimoja, laptopu moja na waya mmoja vyaweza kununuliwa na mafundi kumi kwa kuchanga, na kutumiwa kwa zamu. Anayejua amfundishe asiyejua, bila choyo.

Na tangu leo tukubaliane juu ya mambo mawili. Hakuna kuandika faili ya mteja bila karatasi iliyotiwa sahihi, yenye kueleza hali ya injini, faili imetoka wapi, na ni nani atakayebeba hasara. Na kupima kulipiwe. Daktari hatoi dawa kabla ya kupima, wala hapimi bure. Mteja akikataa yote mawili, mwache aende. Hasara ya kumkosa ni ya siku moja, lakini hasara ya injini yake yaweza kukufuata mwaka mzima.

Kusema "sijui, ngoja nipime" si aibu. Tukilisema sote, katika kila gereji ya Mugutha, mteja hatakuwa na gereji ya jirani ya kukimbilia. Huo ndio umoja.