Hadithi si uongo: neno kwa waamini wanaoandika



Wapendwa waamini, juma hili napenda kuwaelekea ndugu wachache ambao hatuwataji katika matangazo ya Dominika. Wanakwaya tunawajua, makatekista tunawajua, walezi wa watoto tunawajua. Lakini wamo pia miongoni mwetu watunzi wa hadithi. Huandika usiku watoto wakishalala, katika daftari la shule lililobakiwa na kurasa chache au katika simu ya mkononi, na wengi wao huandika kwa kujificha. Wanaogopa mambo mawili: kuambiwa kwamba wanapoteza muda kwa mambo ya uongo, na kuulizwa katika jumuiya inakuwaje mwamini mwema aandike habari za ulevi, uzinzi na mimba za shuleni.

Je, hadithi ni uongo? Mtakatifu Augustino alikuwa mkali sana juu ya uongo, hata akaandika vitabu viwili kuupinga. Hata hivyo ndiye aliyefundisha kwamba si kila kinachobuniwa ni uongo, kwa maana kinachobuniwa ili kuonyesha jambo la kweli huwa ni sura ya ukweli huo. Karne nyingi baadaye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipokea fundisho hilo na kulitumia. Mwongo hutaka usadiki lisilokuwapo. Mtunzi hukuomba ukae naye kitambo ili uone lililopo.

Mtazameni nabii Nathani. Daudi amemchukua mke wa Uria, na Uria ameuawa vitani kwa hila. Nathani hakuanza kwa kumsomea mfalme amri za Mungu. Alimsimulia habari ya tajiri mwenye makundi ya kondoo na maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu, ndipo akatambua kwamba hukumu ile ilikuwa yake mwenyewe (2 Sam 12:1-7). Angeshitakiwa waziwazi tangu mwanzo, huenda angejitetea. Hadithi iliingia kwa mlango ambao hakuwa ameuwekea walinzi.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, nayo haikuanza parokiani kwetu. Mwaka 1971 ilitoka riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyewahi kusoma Seminari ya Nyegezi. Jina la kitabu lilitoka katika litania ya Bikira Maria. Ndani yake yumo binti aliyepigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, akalelewa kwa woga badala ya mafundisho, na alipofika mbali na macho ya baba akaangamia. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa kuwa kilisema mambo wazi mno. Baadaye kikarudi kikasomwa na wanafunzi. Mwandishi alifariki mwaka 2020, na swali lake bado liko mezani petu: Ni nani aliyempoteza Rosa, yeye mwenyewe au waliomlea?

Nje ya Afrika pia yalitokea. Graham Greene, Mwingereza Mkatoliki, mwaka 1940 alitoa The Power and the Glory, riwaya juu ya padre mlevi mwenye mtoto, anayewindwa na serikali huko Mexico na ambaye hata hivyo haachi kuwapelekea watu sakramenti. Mwaka 1953 Ofisi Takatifu ya Roma ilikilaumu kitabu hicho. Mwaka 1965 Greene alionana na Papa Paulo VI, ambaye alikuwa amekisoma, na Papa alimtia moyo asisumbuliwe na lawama hizo. Nami kama padre nasema, padre yule mnyonge wa hadithini hunikumbusha kwamba neema si mali ya aliyeibeba.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mtunzi Mkatoliki hadaiwi mahubiri yaliyovikwa nguo za hadithi. Anadaiwa ukweli juu ya mwanadamu. Dhambi iwepo, kwa sababu Mwokozi alikuja kwa ajili ya wadhambi. Lakini kuionyesha dhambi ni jambo moja na kuiuza ni jambo jingine. Mwandishi ajiulize: Je, huyu ninayemwandika bado ni mtu mwenye sura ya Mungu, au nimemgeuza kuwa kitu cha kutazamwa? Ukimwandika kahaba nasi tukatoka tukimjua kama dada yetu, umefanya kazi ya Injili. Ukimwandika ili tumtamani au tumcheke, acha kalamu kwanza, ukasali.

Baada ya kusema hayo, naomba nitoe mashauri machache ya kazi.

Kwanza, jiwekee saa. Flannery O'Connor, Mkatoliki wa jimbo la Georgia huko Marekani, aliugua ugonjwa mzito na kufa mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 39. Alikuwa akiandika kila asubuhi kwa saa chache, kadiri ya nguvu zake, akatuachia riwaya mbili na hadithi fupi zinazosomwa hadi leo. Nusu saa ya kila siku ina faida kuliko usiku mzima wa mara moja kwa mwezi. Anayesubiri msukumo wa moyo ni kama mkulima anayesubiri mvua inyeshe ndipo atafute jembe.

Pili, usihubiri. Bwana wetu aliposimulia habari ya mwana mpotevu (Lk 15:11-32) hakutuambia kama kaka mkubwa aliingia karamuni. Alimwacha pale nje, baba akimsihi, nasi hadi leo tunajikuta tumesimama naye. Basi usimlazimishe mlevi wako aokoke katika ukurasa wa mwisho ili kuwaridhisha viongozi wa jumuiya. Mwamini msomaji wako.

Tatu, linda heshima ya jirani. Aibu ya familia unayoifahamu si mali yako, hata ukibadilisha majina. Kijiji ni kidogo na watu watamtambua. Amri ya nane inamfunga mtunzi kama inavyomfunga msengenyaji. Chukua uchungu ulioufahamu, umpe mtu mwingine kabisa, mwenye kazi nyingine, mahali pengine na mwisho mwingine.

Nne, waache watu waseme lugha yao. Mama lishe asiongee kama barua ya askofu, na kondakta wa daladala asitoe hotuba. Isome kazi yako kwa sauti, kwani ulimi ukijikwaa, sentensi ina kasoro.

Tano, kwa wanaotoa hadithi kwa sehemu, wiki hadi wiki, ni vema kuwa na sehemu tatu au nne mkononi kabla ya kutoa ya kwanza. Charles Dickens alitoa riwaya yake ya kwanza kwa sehemu za kila mwezi, mwaka 1836 hadi 1837, na kazi nyingi kubwa zilitoka hivyo. Lakini ahadi kwa msomaji ni ahadi. Hadithi iliyokatika njiani humvunja moyo, naye hatarudi upesi.

Sita, usihesabu wasomaji. Mpanzi wa Injili hakuzihesabu mbegu zilizoangukia njiani. Huenda hadithi yako ikasomwa na watu saba tu, na mmoja kati yao akawa msichana anayedhani hakuna duniani mwenye aibu kama yake. Tunaosikiliza maungamo twajua jinsi binadamu anavyoteseka kwa kudhani yuko peke yake.

Kanisa haliwaoni ninyi kuwa wapotevu wa muda. Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye mwenyewe aliandika mashairi na tamthiliya, aliwaandikia wasanii barua siku ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 1999. Hayati Papa Fransisko aliandika barua ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Alikuwa anawafikiria mapadre kwanza, kisha akaona inawahusu Wakristo wote, akihimiza usomaji wa riwaya na mashairi.

Nanyi msioandika, nawaomba jambo moja. Mkimwona mwenzenu ameinamia daftari lake, msimuulize kama amekosa kazi. Muulizeni, "Imefika wapi?" Na mkikuta humo dhambi inayofanana na yenu, msikimbilie kumshitaki mwandishi kwa Paroko. Daudi hakumfukuza Nathani.

Mungu awabariki ninyi nyote mnaoandika, azitegemeze kalamu zenu na kuyatakasa macho yenu. Nawatakieni juma jema.