Mgeni wa Kisite asikanyage riziki ya mwenyeji

MGENI njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Katika bahari ya Shimoni na Wasini, Kaunti ya Kwale, ukweli wa methali hii unategemea mwenendo wa mgeni mwenyewe.

Hifadhi ya Kisite-Mpunguti ilitengwa mwaka 1973, na mipaka yake ikatangazwa upya mwaka 1978. Katika Kisite, eneo la takriban kilomita 28 mraba, uvuvi ni marufuku. Katika Mpunguti, lenye takriban kilomita 11 mraba, mvuvi huruhusiwa kutumia zana za kiasili pekee. Wavuvi, basi, ndio waliotangulia kulipa gharama ya uhifadhi huu.

Ndiposa si haki mtalii aharibu kwa nusu saa kile ambacho mvuvi amekatazwa kukigusa. Tumbawe si jiwe, bali ni kundi la wanyama wadogo mno, na yale manene hukua takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Joto la bahari lililoandamana na El Nino mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Joto hilo nahodha hawezi kulizuia. Unyayo wa abiria wake anaweza.

Si matumbawe pekee. Katika kisiwa cha Kisite, ndege wa bahari hutaga mayai juu ya mwamba mtupu. Mtu akikaribia, mzazi huruka na yai likabaki juani. Pomboo nao wakifukuzwa na mashua, hukosa wasaa wa kupumzika na kunyonyesha.

Kanuni zipo. Tangu Juni 5, 2020, hata plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi zetu. Tatizo ni kwamba anayetarajiwa kumkanya mtalii ndiye anayesubiri bakshishi yake. Ni vigumu kumkemea anayekulisha.

Kwa hivyo, mzigo huu usiachiwe nahodha peke yake. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na wenye mashua hawana budi kuhakikisha kila mgeni ameelezwa masharti kabla ya kamba kufunguliwa gatini: asisimame juu ya matumbawe, asiokote makome, asimshike kasa, wala asimshurutishe nahodha kuwakimbiza pomboo. Anayekataa, arudishiwe nauli yake abaki nchi kavu.

Hasara ya nauli moja ni ndogo. Matumbawe yakifa, watalii watatafuta bahari nyingine. Mwenyeji wa Wasini hana nyingine.