Kanada: mshindani mpya hushusha bei ya simu, lakini nani anamlinda?

Wengi wetu tuna ndugu au mtoto anayeishi Montréal, Toronto au Ottawa. Akihesabu matumizi ya mwezi, baada ya pango la nyumba anataja simu. Hatii chumvi. Kwa miaka mingi Kanada imehesabiwa kati ya nchi tajiri ambako simu ya mkononi ni ghali sana. Tangu 2008 serikali yake imejaribu kurekebisha hali hiyo kwa kuingiza makampuni mapya. Yaliyoyapata makampuni hayo yana fundisho.

Wakati ule makampuni matatu, Rogers, Bell na Telus, yalishika zaidi ya 90 kwa mia ya wateja. Mteja aliyetaka simu nzuri alifungwa kwa mkataba wa miaka mitatu. Mgeni aliyefika juzi, ambaye benki hazijamjua bado, aliweza kuombwa dhamana kwanza. Waliokuwa na pesa kidogo ndio walioumia zaidi.

Simu husafiri kwa masafa ya hewani, na masafa ni mali ya taifa. Serikali huuza leseni zake kwa mnada. Katika mnada wa 2008, Ottawa ilitenga sehemu ya masafa kwa makampuni mapya peke yao. Mnada wote uliingiza zaidi ya dola bilioni 4 za Kanada. Kampuni ya Globalive ilitoa milioni 442, na sehemu kubwa ya mtaji wake ilitoka Orascom ya Misri. Hapo ndipo shida ilipoanza. Mwezi wa Oktoba 2009, CRTC, tume inayosimamia mawasiliano, iliamua kwamba kampuni hiyo inatawaliwa na wageni, jambo ambalo sheria ilikataza. Mwezi wa Desemba baraza la mawaziri lilitangua uamuzi huo, na siku chache baadaye Wind Mobile ya Globalive ilianza kazi Toronto na Calgary. Mwaka 2010 Mobilicity na Public Mobile zikafuata.

Watu waliona tofauti mara moja: hakuna mkataba mrefu, hakuna kuchunguzwa madeni, na kupiga simu bila kuhesabu dakika. Wakubwa nao hawakulala. Rogers ilileta Chatr, jina lingine la bei nafuu, kupigania wateja wale wale.

Lakini leseni peke yake haijengi rezo. Antene ni ghali. Mteja wa Wind akitoka nje ya mji alitegemea antene za washindani wake, kwa bei waliyopanga wao. Masafa yale yalipenya kwa shida ndani ya majengo, na simu nyingi zilizopendwa hazikuweza kuyatumia. Serikali ilikuwa imezuia masafa yaliyotengwa yasiuzwe kwa wakubwa, lakini kwa miaka mitano tu.

Matokeo yanajulikana. Mwaka 2013 Telus ilinunua Public Mobile. Mwaka huo huo ilikatazwa kununua Mobilicity, lakini 2015, muda wa zuio ukiwa umekwisha, Rogers ikaichukua. Wind ilinunuliwa na Shaw mwaka 2016, ikaitwa Freedom Mobile. Halafu 2021 Rogers ikatangaza kwamba inataka kuinunua Shaw yenyewe, kwa dola bilioni 26.

Kabla ya jambo hilo kuamuliwa, tarehe 8 Julai 2022 rezo ya Rogers ilizimika nchini kote. Mamilioni walikosa simu na intaneti, malipo ya kadi yalikwama madukani, na wengine hawakuweza kupiga 911, namba ya dharura. Siku hiyo kila mtu alielewa kwamba makampuni yakiwa machache, hasara inapita bei.

Mwaka 2023 serikali ilikubali ununuzi huo kwa sharti: Freedom iende kwa Videotron ya Quebec, ambayo iliahidi kutohamisha leseni hizo kwa miaka kumi na kuuza kwa bei ya chini, la sivyo italipa faini. Baada ya hapo takwimu za serikali zilionyesha bei za vifurushi vya simu zikishuka.

Basi ushindani unafanya kazi, ila haujisimamii wenyewe. Kufungua mlango kwa mshindani mpya ni kazi ya siku moja. Kuzuia asimezwe ni kazi ya miaka. Miaka mitano ya ulinzi ilipokwisha, wakubwa walikuwa wangali pale, na mifuko yao imejaa.

Kwa ndugu zetu walio kule kuna jambo la kufanya sasa. Tangu Desemba 2017 simu zinauzwa bila kufungwa kwa rezo moja, na mteja anaweza kuhama pamoja na namba yake. Anayebaki mahali pamoja kwa mazoea tu huenda analipa zaidi ya jirani yake. Kwa serikali ya Kanada swali ni zito zaidi. Ahadi ya Videotron ya kutohamisha leseni itakwisha mwaka 2033. Ikiwa hakuna aliyejiandaa kwa siku hiyo, wateja watarudi walikotoka.