Mkono wa miaka mitatu

KIGODANI, na Mama Kigoda

Jumanne jioni nilikuwa kibarazani kwa jirani yangu wa vitumbua, yule ambaye wasomaji wangu huniulizia habari zake kabla ya zangu. Basi la shule likasimama, akashushwa mjukuu wake. Ana miaka 3 na miezi 4. Alikuwa ameondoka saa 11 na nusu alfajiri, kiza hakijatoka, na sasa jua linazama. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mapajani kwa bibi yake, akalala na viatu.

Bibi akafungua begi kutafuta chupa ya maji, akatoka na daftari. Akanipa nimsomee, maana miwani yake ilikuwa ndani. Ukurasa mzima ni herufi "k". Ya kwanza kaiandika mwalimu, imesimama wima. Kumi na moja zilizofuata ni za mtoto, na kila moja imepigwa mkasi kwa wino mwekundu. Chini pameandikwa: "Hajitahidi. Mzazi amsaidie."

Hajitahidi! Nilikishika kile kiganja kilicholala. Kidole gumba kilikuwa na bonde pale penseli ilipobana. Leo ni Ijumaa na hasira ile haijanishuka.

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Kwa mtoto wa miaka mitatu, mingi ya hiyo bado ni gegedu, laini kama ncha ya sikio, na wa mwisho huanza kukomaa akikaribia miaka kumi. Ndiyo maana madaktari wakitaka kukisia umri wa mtoto hupiga picha ya mkono. Wapo watoto wengi wa umri huu ambao bado hushika penseli kwa ngumi na kuiendesha kwa mkono mzima. Kuchora duara ataweza, hata likipinda. Msalaba huja akikaribia miaka minne. Mstari wa mshazari huchelewa zaidi, na "k" ina mishazari miwili. Mwalimu aliyefundishwa kazi hii anayajua haya.

Mama yake akarudi kutoka kazini, hata mkoba hajautua. "Amka baba, tumalize herufi." Akamnyanyua. Mtoto akalia kile kilio kisicho na sauti, mdomo wazi tu.

"Mwache alale, mwanangu," nikamwambia.

"Mama, walimu wanasema amebaki nyuma. Wenzake wanaandika mpaka majina."

Amebaki nyuma ya nani? Sera yetu ya elimu inaweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya darasa la kwanza. Finland watoto huanza darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka 7, na hatujasikia kwamba wamekuwa taifa la wasiojua kusoma. Sisi tunawatoa usingizini wenye miaka mitatu kwa sababu moja: shule zinauza daftari lililojaa. Mzazi akiliona limejaa anajua ada yake imefanya kazi, na mtoto anayeshinda akicheza mchanga hana cha kumwonyesha baba.

Nikamwomba alete kadi ya kliniki ya mtoto. Akaileta, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechanika. Nikamuuliza, huyu alikaza shingo lini? Alikaa lini? Alisimama dede lini? Akawa anacheka akikumbuka, kwamba alitembea na miezi 15 na mama mkwe alishaanza kutafuta mafuta ya kumchua miguu. Nikamuuliza, je, muuguzi alimwandikia kwamba hajitahidi? Hakumwandikia. Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vyake mwaka 2006 lilionyesha kwamba watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 18, na wapo wasiotambaa kabisa. Muuguzi anajua kuwa kila mtoto ana mwendo wake, na akiona mtoto amechelewa kweli humwita mama akamweleza kwa upole. Miaka miwili baadaye mtoto yuleyule anakabidhiwa kwa watu wanaompimia ukuaji wake kwa Jumanne moja.

Na haiishii hapo. Kaka yake ana miaka 14, sauti imeanza kukatika, nyumba nzima inamwita mvivu kwa kuwa haamki. Mwili wa kijana aliyebaleghe huchelewa kuita usingizi usiku. Hilo limepimwa na linajulikana. Lakini shule yake inamtaka darasani saa 12 na nusu, na akisinzia anapigishwa magoti. Mdogo ameharakishwa, mkubwa anaadhibiwa kwa kukua.

Jana mdogo alibaki nyumbani kwa mafua. Nilimkuta mkekani na bibi yake, ungo wa mchele katikati. Alikuwa akitoa mawe: kidole gumba na cha shahada vinakutana, jiwe linatoka, linawekwa kwenye kifuniko, kisha linatafutwa lingine. Ametulia. Mate yamemtoka kwa umakini. Vidole vile vile vinavyoambiwa havijitahidi. Watoto wa mtaa huu tuliocheza mdako, tuliofinyanga vyungu vya udongo, tuliosukana nywele vibarazani, mikono yetu ilipofika darasa la kwanza ilikuwa tayari, na hakuna aliyetuhesabia siku.

Mama yake alisimama mlangoni akamtazama muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na lile daftari, akanipa. Nikamwomba na kalamu. Aliyoipata ilikuwa nyekundu pia. Chini ya maneno ya mwalimu nikaandika kwa herufi kubwa: "ANA MIAKA 3." Mama mtu akatia sahihi. Jumatatu linarudi shuleni.