Mjue mdudu kabla ya kununua dawa

KILA baada ya mavuno, wadudu wasiofahamika huonekana wakitambaa ukutani na kwenye magunia yaliyohifadhiwa ndani. Wakulima wengi hukimbilia dukani na kuomba “dawa ya wadudu” tu. Hasara huanzia hapo.

Fukusi wa mahindi ana mdomo mrefu uliochongoka kama mkonga. Dumuzi, anayejulikana pia kama Scania nchini Tanzania na Osama nchini Kenya, hana mkonga. Mwili wake ni wa mviringo, kichwa kimejificha chini, na nyuma yake ni kama amekatwa kwa kisu. Anapotoboa punje huacha unga mwingi.

Mdudu huyo alitoka Amerika, na aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kuwatofautisha ni muhimu kwa sababu pirimifosi-methili humuua fukusi lakini dumuzi huistahimili. Permethrini humuua dumuzi, lakini haimwezi vizuri fukusi. Ndiyo maana baadhi ya dawa za unga za ghalani huchanganya viambata hivyo viwili.

Ni vyema mkulima akusanye wadudu wachache kwenye kichupa na kumwonyesha bwana shamba kabla ya kutoa fedha. Asome lebo, viambata na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mahindi yakaushwe na kupukuchuliwa kwanza, kwani dumuzi hustawi zaidi kwenye magunzi.

Wenye maduka nao wana wajibu: wamuulize mteja ameona mdudu gani, ndipo wamuuzie.