Alama za Mtajo na Amana ya Mnukuzi

Imekuwa ada kwa baadhi ya wasahihishaji wa tasnifu za Kiingereza nchini Kenya kuzichukulia alama za mtajo kuwa suala la wapiga chapa, si la wahakiki. Mwanafunzi huambiwa autie mkato ndani ya alama kwa kuwa mwongozo wa Chicago umeagiza hivyo, naye hutii pasi na kuuliza mkato huo ni wa nani.

Kunukuu ni kupokea amana. Kilichomo baina ya alama ni mali ya anayenukuliwa. Kilicho nje ni cha mnukuzi. Mhakiki anayenukuu nusu ya mshororo usiokuwa na kituo, kisha akaupachika mkato wake ndani ya alama, amemlisha mtunzi maneno, ijapokuwa tonge lenyewe ni dogo. Katika barua ya kuombea kazi jambo hili si neno. Katika uhakiki wa ushairi, ambako kituo kimoja hubadili mapigo na maana, ni ughushi. Akina Fowler, H. W. na F. G., waliitetea kanuni ya kufuata maana katika The King's English mwaka 1906, mwaka ule ule ulipotoka mwongozo wa Chicago kwa mara ya kwanza. Watetezi wa kanuni ya Marekani husema kwamba ukurasa hupendeza zaidi mkato ukiwa ndani. Basi na waeleze kwa nini kanuni hiyo hiyo huitoa nje alama ya kuuliza iwapo swali si la anayenukuliwa, na semikoloni nayo huitoa nje daima. Ikiwa maana ndiyo inayotawala kiulizi, mkato umekosa nini?

Ama kuhusu alama moja au mbili, Waingereza aghalabu huanza na moja na Wamarekani na mbili. Hapo hapana ugomvi, mradi mwandishi asichanganye.

Baya zaidi ni alama za kejeli. Mhakiki huandika neno kama 'primitive', akalifunga kwa alama, akaendelea na safari kana kwamba amekwisha kulikana. Msomaji hajui limenukuliwa kwa nani, wala linapingwa kwa hoja gani. Kiswahili kina 'eti' kwa kazi hii, lakini asemaye 'eti' hujitokeza waziwazi kuwa hasadiki, na msikilizaji ana haki ya kumtaka sababu. Alama za Kiingereza hazitamkiki. Mwandishi hujibanza nyuma yake.

Itadaiwa kuwa Kiingereza kiliwahi kuishi bila alama hizi: Biblia ya mwaka 1611 haina, na James Joyce katika Ulysses (1922) alitumia vistari. Ni kweli, na tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu nazo zilimtambulisha msemaji kwa kitenzi tu, akanena au akamba. Lakini hao wote walikuwa na njia nyingine ya kuonyesha nani asemaye. Mwanafunzi anayeyafunga kwa alama maneno aliyokwisha kuyageuza nafsi na wakati, yakawa nusu usemi halisi na nusu usemi wa taarifa, hana njia yoyote. Msahihishaji aliyemkata alama kwa sababu ya mkato uliokaa nje, kisha akaipitisha sentensi hiyo, amelisahihisha lisilo kosa na kuliacha kosa lenyewe.