Meza ambapo upande mmoja haupotezi kitu

Kwetu hapa mtu akisikia kesi inataka kuisha kwa kupatana, ao aranjema kama tunavyozoea kusema, anauliza: feza ngapi? Kwa kesi ya mfungwa anayedai haki ya dini yake, mimi nasema swali hilo lije nyuma. Tuulize kwanza: kwenye meza ile, nani ana kitu cha kupoteza?

Tuangalie Marekani, jimbo la Louisiana, kesi ya Landor. Yeye ni Rasta, aliweka nadhiri ya kutokata nywele na kuitunza karibu miaka 20. Mwaka 2020 alibakiza wiki tatu hivi za kifungo cha miezi 5, wakamhamishia gereza lingine. Alifika na karatasi: hukumu ya mahakama ya rufaa ya mwaka 2017, iliyosema magereza ya Louisiana kumkata Rasta nywele ni kuvunja sheria. Kwa maelezo ya mashtaka yake, mlinzi aliitupa ndani ya pipa la takataka. Wakamfunga pingu kwenye kiti, wawili wakamshika, wakamnyoa mpaka upara. Wiki tatu! Hata kinyozi wa barabarani anauliza kwanza.

Sasa umwambie mtu kama huyu akae, wazungumze. Wazungumze nini? Sheria ya mwaka 2000 inalinda dini ya wafungwa, lakini mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwa sheria hiyo jimbo haliwezi kudaiwa fidia. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikalaani waziwazi mambo aliyotendewa Landor, kisha ikasema walinzi nao hawawezi kudaiwa kutoka mfukoni mwao. Na amri ya kubadili mambo gerezani? Mfungwa akitoka, ao akihamishwa, mara nyingi dai hilo linakufa. Basi avoka wa serkali ana haraka gani? Anaomba tarehe nyingine tu.

Kuna wanaosema maskini achukue kidogo anachopewa. Mwenye njaa simhukumu. Lakini feza ya kimyakimya inamwacha mlinzi na mashine yake ya kunyolea, akingoja Rasta wa kesho.

California, mwaka uleule wa 2011, mambo yalikwenda vingine. Mfungwa wa dini ya Sikh aliadhibiwa kwa kukataa kupunguza ndevu mpaka nusu inchi. Kesi yake pia iliisha kwa mapatano, lakini jimbo lilikubali kufuta kanuni ile kwa wafungwa wote. Haikuwa huruma. Serkali kuu ya Marekani iliingia kesini upande wa mfungwa, na magereza yake yenyewe yaliruhusu ndevu. Pale jimbo lilikuwa na kitu cha kupoteza.

Kwetu Kongo, kifungu cha 22 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa dini, na cha 18 kinataka heshima ya aliyefungwa ilindwe. Nyinyi maavoka mnaotetea wafungwa, siku mkiitwa ofisini kwa aranjema, dai kanuni iandikwe kwa wote, isainiwe na mkuu wa gereza, ibandikwe mlangoni ambapo mlinzi anaiona kila asubuhi. Karatasi ya mfungwa inajulikana inapoishia. Feza mtahesabu baadaye.